Kwa Miguu Mpaka Ujiji

Ijumaa, 4 Agosti 1950

Shule imefungwa. Wiki tatu za uhuru! Wanafunzi wameondoka wakiimba. Mimi nimebaki na vumbi la chaki kwenye nywele na uongo mmoja mkubwa.

Niuandike hapa, maana shajara haina mdomo. Mwezi wa tano Bi Kuluthumu, mjane anayeshona kwa cherehani barazani kwake mtaa wa Mtendeni, aliniuliza nilifikaje Tabora kutoka kwetu Unguja. Swali dogo. Jibu lilikuwa dogo pia: kwa gari moshi, daraja la tatu, nikila mayai ya kuchemsha. Badala yake nikatazama mbali, nikasema nilitembea kutoka Bagamoyo kwa njia ya misafara, kama wapagazi wa zamani. Cherehani ikasimama. Ikasimama kabisa! Miezi mitatu sasa naishi kwa ule ukimya.

Leo Mwalimu Dionis, anayefundisha hesabu na anayenishinda kwa kila kitu isipokuwa mwandiko, ametangaza mbele ya Bi Kuluthumu kwamba likizo hii anakwenda Kigoma kwa baiskeli. Peke yake. Maporini. Bi Kuluthumu akampa hongera. Hapo nikasikia mtu akisema kwamba yeye atakwenda Ujiji kwa miguu. Mtu huyo ni mimi.

Usiogope, Twalibu. Hila ipo. Nitaaga kwa kishindo, nitatembea mpaka stesheni ya Mabama, nitapanda treni. Ujiji nitanunua ushahidi, dagaa na mafuta ya mawese. Nitarudi nikichechemea.

Jumapili, 6 Agosti

Nimeondoka. Si peke yangu!

Mwisho wa nyumba za mji alikuwa ananingoja Bibi Sikuzani, bibi yake Bi Kuluthumu, mkeka na chungu kichwani, kaniki imefungwa vizuri kiunoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema twende, jua halimngoji mtu. Kumbe alipokuwa msichana wa miaka kumi alipita njia hii na msafara, mama yake akipikia wapagazi. Nikaeleza habari za simba. Nikaeleza habari za umri. Bi Kuluthumu alikuja akanishika mkono (mkono wangu!) akasema, "Sasa moyo umetulia, mwalimu. Kwako bibi hatapotea."

Nikaanza kutembea.

Njiani Bibi aliniuliza kutoka Bagamoyo nilitumia siku ngapi. Nikasema thelathini. Akasema wao walikuwa wakitumia tisini. Kisha akavitazama viatu vyangu kwa muda mrefu.

Jumatatu, 7 Agosti

Malengelenge manne. Bibi hana hata moja, na hana hata kiatu.

Lakini nikiri jambo. Miyombo imeanza kutoa majani mapya, mekundu kama shaba iliyosuguliwa, na jua likipenya humo mtu huona anatembea ndani ya taa. Hakuna sauti ila nyuki na kisigino cha Bibi. Anataja majina ya mahali palipokuwa na kambi, sasa ni nyasi tu, naye huyataja taratibu kama anayeita watu kula. Nikaanza kuota nikitembea. Nikaona msafara mzima nyuma yangu, pembe zinapulizwa, bendera mbele, mimi kiongozi, na Bi Kuluthumu kwenye kizingiti amejifunika kanga mpya. Akanyanyua mkono. Nami nikanyanyua wangu.

Nikatumbukia kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayechimbua mchwa usiku, mpaka kiunoni.

Bibi alinivuta kwa mkono mmoja. Chungu hakikutikisika.

Tumelala kwa wakulima waliotukaribisha kwa salamu za kwao na kutupa ugali na karanga. Walimwuliza Bibi kwa Kinyamwezi kama mimi ni mgonjwa anayepelekwa hospitali. Sikuelewa maneno, ila nilielewa kwa jinsi walivyonisogezea kigoda.

Jumanne, 8 Agosti

Mabama! Nimeona paa la stesheni kwa mbali, nikataka kulia.

Hila ya pili: homa. Nikajilaza chini nikatetemeka. Nikasema kwa sauti dhaifu kwamba ni malaria ile mbaya, labda treni tu ndiyo itakayoniokoa. Bibi akagusa paji langu. Akaondoka, akarudi na magome ya mti fulani, akayachemsha. Vikombe vitatu. Sijawahi kuonja kitu kichungu namna ile. Mpaka masikio yalihisi. Akasema tutapumzika hapa siku tatu, dawa ifanye kazi, kisha tuendelee kwa miguu.

Siku tatu! Vikombe vitatu kila siku!

Nikapona papo hapo. Kisha nikamwambia kweli yote: Bagamoyo, mayai, kila kitu. Nilisema nikitazama chini.

Bibi akacheka mpaka akaketi. "Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani wewe ndiye mkaidi. Tangu juzi nangoja uchoke tupande treni."

Yeye naye ana lake. Mdogo wake, Mwanajuma, alishikwa na ndui Ujiji wakiwa watoto. Msafara haukungoja. Mama yao aliburutwa akilia, na tangu hapo ikasemwa mtoto alikufa. Mwaka jana mchuuzi wa chumvi kutoka Uvinza akamwambia kwamba Ujiji kuna kizee wa Kinyamwezi, uso una makovu ya ndui, naye huwauliza wasafiri habari za Unyanyembe, kwao Tabora. Bibi hakumwambia mtu, hata Kuluthumu. Aliogopa wangemhurumia. Alingoja mjinga mmoja anayekwenda upande ule.

Nimekata tiketi mbili.

Jumatano, 9 Agosti

Treni. Bibi hajawahi kuipanda. Ameshika dirisha kwa mikono miwili. Hapa tulilala, anasema. Hapa mama aliuza shanga zake kwa mahindi. Pale tulichota maji, yalikuwa mekundu. Siku nzima ya miguu yake ilipita nikiwa namenya yai. Nikaona haya kulila, nikampa. Msitu ukapita, ukapita, kijivu na mwekundu, mpaka sikujua kama ni sisi tunaokwenda au ni miaka ile inayorudi nyuma.

Nilikwenda behewa la pili kunyoosha miguu. Kwenye kona, kofia imeshushwa mpaka puani: Mwalimu Dionis! Baiskeli yake ipo kwenye behewa la mizigo. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana ghalani. Akasema tairi. Nikasema malaria. Tumeapa kutunziana siri. Yeye kwa Biblia, mimi kwa Msahafu, ingawa hakuna aliyekuwa na kitabu chenyewe.

Alhamisi, 10 Agosti

Kutoka Kigoma mpaka Ujiji tumetembea kweli. Niliandike kwa wino mzito: KWELI. Dionis aliikokota baiskeli yake na mkeka wa Bibi juu yake.

Ziwa lilikuwa limelala, jeupe kama maziwa, huwezi kujua linakwisha wapi na mbingu zinaanza wapi. Bibi hakulitazama. Aliuliza nyumba hadi nyumba. Kadiri tulivyokaribia alizidi kwenda polepole, yeye aliyeniua kwa mwendo kuanzia Tabora. Uani mwa nyumba moja palikuwa na kizee akianika dagaa, uso umetoboka-toboka, macho hayaoni. Bibi alisimama mlangoni. Mimi na Dionis tukatazamana. Nilifikiri: kama siye, je? Nani atamrudisha huyu nyumbani?

Ndipo Bibi akaita jina moja la utotoni, jina la Kinyamwezi nisilolijua.

Kizee akaacha dagaa. Akageuza uso kuelekea mlangoni, akasema, "Umechelewa."

"Njia ilikuwa mbaya," Bibi akajibu.

Hayo tu. Kisha wakashikana mikono, wakakaa chini kwenye dagaa, na haikupita robo saa wakawa wanagombana nani alipoteza blanketi la mama yao. Nilitoka nje. Macho yalikuwa yananitiririka kwa sababu ya moshi wa dagaa. Dionis naye alipatwa na moshi. Hapakuwa na moto.

Jumatano, 23 Agosti

Tunarudi. Mwanajuma yumo treni­ni nasi, anakuja kukaa Tabora mpaka masika, na wanaendelea na habari ya blanketi.

Hila! Nimemshauri Bibi tushuke wote Mabama, tuingie mjini kwa miguu tukiwa na vumbi la heshima. Bibi amesema ameshalipiwa mpaka Tabora na atakaa mpaka Tabora. Sawa. Nimeshuka na Dionis tu. Tumejigaragaza kwenye vumbi, zamu kwa zamu. Yeye amenirarulia suruali kidogo gotini. Rafiki wa kweli.

Alhamisi, 24 Agosti

Baada ya Dionis kunipakia kwenye baiskeli karibu njia nzima, tumeingia Mtendeni adhuhuri, mimi nikichechemea, Dionis akiendesha baiskeli huku akihema. Barazani watu wamejaa. Vigelegele! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha nikasikia kwamba katikati ya vigelegele mna vicheko.

Bibi alifika jana. Kwa treni. Amewasimulia yote tangu shimo la muhanga mpaka mayai, na kila alipomaliza waliingia watu wapya akaanza upya.

Bi Kuluthumu alinyanyuka kwenye cherehani. Nilitamani muhanga mwingine awe amechimba hapo. Akasema hakuwahi kuniamini hata siku moja. Siku ile cherehani ilisimama kwa sababu uzi ulikatika.

Uzi!

Halafu akasema bibi yake analala usingizi sasa, usingizi ambao yeye tangu azaliwe hajamwona akiulala. Akaitazama suruali yangu, akasema niilete aishone.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimeipeleka. Tumekaa barazani mchana kutwa, mabibi wawili wakisinzia bega kwa bega, upepo ukileta harufu ya nyasi kavu. Sijawahi kuwa na raha hivi. Bi Kuluthumu akasema anaomba kitu kimoja tu: nisijifanye tena mbele yake mtu nisiye. Akasema nikitimiza hilo, naweza kuwaandikia wazee wangu Unguja waje kuposa. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno.

Tukanywa chai.

Akasema mjomba wake anakwenda Ipole na lori kesho alfajiri kuvuna asali, mtu wa kumsaidia ameumwa. Akauliza, hivi hivi tu, kama kwetu watu hujua mambo ya nyuki.

Nikatazama mbali. Nikasikia mtu akisema kwamba Unguja alikuwa na mizinga arobaini.

Nimemwuliza Dionis, kama mtu anayeuliza tu, kama nyuki hupumzika Jumamosi.