Mistari Bila Mapengo

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Siku kubwa kiwandani kwetu Nyakato! Kompyuta ya wafadhili imetolewa kwenye boksi. Ndugu Meneja aliuliza nani anaifahamu lugha yake, iitwayo BASIC. Nikanyoosha mkono. Kitabu chake nimekisoma mpaka ukurasa wa tisa, na kurasa zilizobaki naweza kuzikisia.

Bi Kokushubira, katibu muhtasi, naye akanyoosha. Ati alisoma kozi Nairobi. Kozi ya wiki tatu! Ni mtu wa kwetu Bukoba, lakini kwa maringo ametupita sote, na sisi si wachache wa maringo.

Meneja akaamua kila mmoja wetu afundishe watu wanne wasiojua kitu. Jumamosi kila kundi lionyeshe programu ya kugawa sabuni kwa wafanyakazi. Atakayeshinda ndiye Mkufunzi wa Kompyuta, na atapewa nyumba ya kiwanda. Nyumba! Vyumba viwili, bomba ndani. Tangu Pasaka mimi na mke wangu Bernadeta tunalala Igoma kwa wazazi wake, chumba kinachopakana na zizi la ndama. Mwanamume mzima kukaa ukweni ni aibu, nami aibu hiyo naimeza kila siku pamoja na ugali wao. Jioni hii baba mkwe, Mzee Ngosha, kamweleza mgeni kwamba mimi ndiye kitindamimba wake, ila nimechelewa kuacha kunyonya. Mgeni alicheka sana.

Jumanne, 11 Septemba

Somo la kwanza. Wanafunzi wangu ni Malimi wa karakana, Suzana wa stoo, na wawili wanaosinzia. Nikaeleza kwamba programu ni amri zilizopangwa mstari kwa mstari. Kila mstari una namba, na kompyuta inazifuata kuanzia ndogo kwenda kubwa. Nilieleza vizuri mno.

Suzana akasema kundi la Kokushubira wanaandika mstari wa 10, halafu wa 20, halafu wa 30. Nikauliza namba kumi na moja mpaka kumi na tisa ziko wapi. Zimefichwa! Nchi nzima inawasaka walanguzi waliofungia sukari uvunguni, na huyu mama analangua namba mchana kweupe. Kundi langu litaandika moja, mbili, tatu, nne. Hakuna pengo. Wasinziaji waliamka wakapiga makofi.

Malimi akauliza tukisahau mstari wa katikati tutauweka wapi. Nikamjibu kwamba mtu makini hasahau.

Mchana nikampelekea Meneja habari za ulanguzi wa namba. Alivua miwani, akaipangusa, akaniambia nirudi kazini. Nadhani imemwingia.

Alhamisi, 13 Septemba

Tumesahau mstari wa katikati.

Programu yetu ina mistari arobaini. Wa sita unachapa jina la mfanyakazi na miche yake miwili ya sabuni. Wa saba unasema kama majina hayajaisha, rudi wa sita. Malimi kagundua kwamba hakuna amri ya kusogea kwenye jina linalofuata. Inatakiwa ikae kati ya sita na saba. Kati ya sita na saba hakuna hata pa kuchomeka sindano!

Malimi akashauri tuandike upya kuanzia wa saba. Na umeme huu unaokatika na kufuta kila kitu? Nikakataa. Suzana akasema kwa upole kwamba kundi la pili nao walisahau mstari jana. Wakaupa namba 65, wakaenda kunywa chai. Nikamwambia kama anapapenda huko, mlango uko wazi. Akaenda! Na wasinziaji wakamfuata, macho yamewatoka kabisa.

Jibu nililipata jioni kwenye foleni ya duka la ushirika. Mama mmoja alitaka kujipenyeza katikati, watu wakamzomea mpaka akarudi nyuma. Basi! Aliyechelewa akae nyuma, ndiyo haki. Mstari uliosahauliwa nimeupa namba arobaini na moja. Kompyuta itauhudumia zamu yake ikifika. Malimi alishika kichwa kwa mikono miwili. Wivu.

Ijumaa, 14 Septemba

Asubuhi nimeificha chaki ya Kokushubira. Kumbe yangu alishaificha jana.

Bernadeta nimemwambia afunge mizigo. Akauliza kama programu imejaribiwa. Nikasema si vizuri kuichosha mashine kabla ya mashindano. Baba mkwe amejitolea mkokoteni wa ng'ombe kutuhamisha, na tangu aliposikia anapiga mluzi.

Jumamosi, 15 Septemba

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Saa nne, mbele ya Meneja na wafanyakazi wote, mashine ilichapa: CHENGE, MICHE MIWILI. Makofi! Chenge ni mlinzi wetu wa geti. Ikachapa tena: CHENGE, MICHE MIWILI. Na tena. Meneja akauliza kiwanda kina akina Chenge wangapi. Nikasema jina hilo ni la kawaida sana upande huu wa ziwa.

Karatasi ikajaa Chenge, ikafuata nyingine. Niliisihi mashine kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Malimi ndiye aliyeizima ukutani, akisema zamu ya mstari wa arobaini na moja isingefika kamwe. Karatasi za miezi mitatu zimekwisha.

Chenge mwenyewe alizikusanya zote akaenda stoo kudai haki yake, akisema mashine imetoka Ulaya na haina sababu ya kudanganya. Baba mkwe, aliyekuwa anasubiri getini na mizigo yetu, alishusha godoro letu mavumbini ili mkokoteni ubebe sabuni. Walisubiri mpaka saa nane. Hawakupata hata kipande.

Programu ya Kokushubira ilimtaja kila mtu mara moja, miche miwili. Yeye mwenyewe minne! Niliiona kwa macho yangu, nikasimama nikasema. Wakaniambia: nyamaza, Ndugu Longino, yametosha kwa leo. Kapewa ukufunzi. Kapewa na nyumba.

Nimelia nyuma ya mapipa ya mafuta. Uchungu ulinishinda. Kisha nikarudi Igoma kwa miguu, nyuma ya godoro langu.

Jumatatu, 17 Septemba

Mambo si mabaya hata kidogo! Meneja kaniita. Kaamua niingie darasa la wanaoanza, kwa Kokushubira, na Malimi akae kando yangu kunielekeza pale nisipoelewa. Nilielewa papo hapo. Mbele ya watu hawezi kulitamka, lakini mtu wa cheo changu hawekwi darasani bure. Mimi ni mkaguzi! Malimi ni msaidizi wangu.

Nimemweleza Bernadeta. Akauliza kama wakaguzi hupewa nyumba, kisha akaenda kukamua bila kungoja jibu. Baba mkwe haongei nami tangu Jumamosi. Ndama ndio wanaonisalimu.

Nimeshaanza kuandika ripoti ya ukaguzi. Pendekezo la kwanza: namba zifutwe kabisa. Kumpa mstari mmoja namba moja na mwenzake namba arobaini ni kuleta matabaka, na sisi matabaka tuliyakataa. Malimi akauliza mashine itajuaje pa kuanzia. Nikamwambia itajua, ikishapata siasa safi. Meneja akiisoma hii, vyumba viwili havitatosha. Nitaomba vitatu.