Mzazi wa Kinda ni Mwenye Yai

Kwa busara isiyo kifani, serikali ya kaunti ilitangaza pale Ganze kwamba kuanzia Jumatatu hiyo kila kinda wa ndege atakuwa na mzazi mmoja tu, naye ni mwenye yai.

Bwana Mwaringa, Mkurugenzi wa Idara ya Viota, alifafanua kwa kipaza sauti. Kekeo hutaga katika kiota cha mnana, akaenda zake. Mnana humlisha kinda asiye wake mpaka kinda akamzidi kimo. Wako ndege wabaya zaidi: hulea kwa ushirika, mashangazi na kaka wote wakileta panzi kwenye kiota kimoja. Sasa, fomu ya idara ina mstari mmoja tu wa jina la mzazi. Kamati ilikaa siku tatu katika hoteli ya ufukweni Malindi, ikaona kurekebisha ndege ni rahisi kuliko kurekebisha fomu.

"Na mnana tumwiteje?" akauliza Kahonzi.

"Mhudumu wa muda, dada."

Kahonzi akajua anasemwa yeye. Mkurugenzi ni ndugu yake wa tumbo moja. Miaka kumi na minne iliyopita alimwachia Cynthia, kichanga aliyefiwa na mamake, akasema atarudi Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilifika juzi, redio ilipotangaza kwamba Cynthia ameongoza mtihani kaunti nzima.

"Yai langu, kinda wangu," akasema Mwaringa. "Afunge nguo zake, gari linangoja."

"Mama, siendi!" Cynthia akamng'ang'ania Kahonzi.



Bahati nzuri, idara ilikuwa imesomba watu kwa mabasi kutoka Adu na Mambrui ili viti vijae. Radhia wa Mambrui akasimama na mapacha.

"Sheria nzuri hii, Mkurugenzi! Wanao hawa hapa. Wamekula, ila hawajaoga."

Gladys wa Adu naye akainuka na watatu. Wote watano walikuwa na pua ya mkurugenzi. Mkewe, aliyekuwa meza kuu, akavua miwani.

"Kamati imekaa tena!" Mwaringa akapaza sauti.

"Lini?" akauliza Radhia.

"Sasa hivi! Mzazi ni anayelisha."

Karani Lewa, mtu mwaminifu kwa fomu, akamwandika Kahonzi kuwa mzazi wa Cynthia, kisha akamgeukia mkubwa wake.

"Nawe mheshimiwa, unamlisha nani?"



"Mwandike miongoni mwa makinda," akasema mkewe. "Anayemlisha ni mimi."