Vita vya Jina Kwenye Kibanja cha Mzee Rwegasira

Nyamazeni, enyi watu wa Nshamba, nanyi wa mbali hadi Ngenge! Amenyaye ndizi na aweke kisu chini, aanikaye kahawa na auache mkeka wake, mradi awafukuze kuku kwanza. Maana naleta habari za Eliud mwana wa Rwegasira, fundi pikipiki mashuhuri, mziba pancha asiyeshindwa, jinsi alivyosimama mbele ya baba yake akatamka neno "hapana", neno ambalo hakuna mwana wa nyumba ile aliyewahi kulitamka na kubaki na hamu ya chakula.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya nne tangu Jenifa, mke wa shujaa, ajifungue binti mwenye mapafu ya tarumbeta. Kadi ya kliniki ilikaa mezani, na mstari wa jina ulikuwa mtupu, kwa kuwa katika ukoo ule mkubwa wa nyumba ndiye mtoa jina, na babu wa mtoto alikuwa bado analinoa.

Naam, analinoa! Mzee Rwegasira, simba wa kibanja, amiri wa migomba mia mbili, alikuwa na vita vya miaka thelathini na mmoja dhidi ya jirani yake Kamala. Chanzo chake kilikuwa mlamula, ule mti wa mpaka, ambao kila mmoja aliapa kwamba mwenzake aliusogeza hatua mbili. Na Mhaya wa zamani akigombana na jirani hapotezi mate yake bure: humpa mtoto jina lenye ujumbe, kisha humwita kwa sauti inayovuka ua. Kamala, aliyekwisha kuzaa watoto wake wote, alimpa mbwa jina ambalo kwa Kihaya safi maana yake ni "wanakula ardhi". Naye Eliud, aliyezaliwa mwaka vita vilipoanza, alipewa na baba yake jina Tibanyenda, yaani "hawanipendi". Shuleni mwalimu akilisoma, darasa zima liliuliza, "Akina nani?" Siku ya ndoa padri alilisoma mara mbili, kisha akamtazama Jenifa kwa huruma.

"Baba mtoto," Jenifa alisema asubuhi ile, "mimi nilibeba mimba, sikubeba mlamula. Mwanangu ataitwa Kemilembe, mtoto wa amani. Ukishindwa kumwambia baba yako, nitamwambia mimi, na hapo ndipo mtajua vita ni nini!"

Shujaa akavaa silaha zake, yaani shati safi, akatoka uani. Mzee alikuwa amesimama akiuelekea mpaka, kifua mbele, tayari kufyatua.

"Sikia, Tibanyenda!" alinguruma. "Usiku kucha nimelitafuta, nimelipata. Mjukuu wangu ni Tibenda, 'hawapendi'! Akiitwa kuoga, akiitwa kula, akiitwa kulala, Kamala atalisikia hadi ugali umkwame kooni!"

"Waitu tata, baba yangu mheshimiwa," Eliud akasema, na sauti ikampotea, akaitafuta, akairudisha. "Hapana."

Kuku waliacha kuparua. Mzee akageuka polepole.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, tata. Mkuki ule uliourusha mwaka niliozaliwa haukumfikia Kamala. Yeye amekula, amelala, amenenepa. Mimi ndiye niliyechomwa. Kila mama aliponiita nije kula, aliniambia sipendwi. Nilikuwa mdogo, tata. Niliamini."

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna, akatupia moja mdomoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Mzee akaangalia vidole vyake, kisha akasema, "Mleteni huyo mtoto."

Jenifa, aliyekuwa nyuma ya mlango na mwiko mkononi kama jeshi la akiba, akamleta. Mzee akampakata, akaambiwa lile jina, na kwa kuwa koo lake halikujua kutoa jina kwa sauti ya chini, akalinguruma mara tatu kuelekea mpakani: "Kemilembe! Kemilembe! Kemilembe!"

Ng'ambo ya mpaka majani ya migomba yakatikisika, akatokea Kamala, mzee anayechechemea mguu mmoja, mkungu wa ndizi begani, jasho likimtiririka.

"Nimesikia, Rwegasira," alisema akihema. "Amani umeitangaza mara tatu. Miaka yote hii nasubiri uanze wewe, maana mimi nilikuwa naona aibu."

Mzee Rwegasira akafungua mdomo aseme kwamba ujumbe ule haukuwa wake. Eliud akauona ukweli wote ukimjia baba yake hadi kwenye meno, akaomba kimoyomoyo. Mzee akamtazama mjukuu, akaufunga mdomo.

"Eliud," akasema, "mletee jirani kiti."

Shujaa akasimama palepale. Tangu azaliwe, baba yake hakuwahi kumwita hivyo.

Basi na ijulikane Nshamba yote, vizazi hata vizazi, kwamba kadi iliandikwa Kemilembe kwa kalamu iliyogoma mara mbili, kwamba mbwa wa Kamala bado anaitwa vilevile kwa kuwa amekwisha kuzoea, na kwamba kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya kilibebwa kwa mbio kuelekea mpakani na mwanamume mzima aliyekuwa analia na kucheka, akiitika, "Naam, tata! Naam!"