Makuti ya Mayekar

Jumatatu, 2 Juni
Wiki ya tatu huku pwani. Kwetu Solapur, huko bara, mvua ni mgeni wa heshima, haji bila kubembelezwa. Mke wangu Nirmala anafika Jumapili. Ameapa: akikuta unyevu ndani, atarudi na basi lile lile, nami nibaki na bahari yangu. Mbona nyumba ni kavu kabisa! Jirani yangu Mayekar ameziba ukuta wake wote wa magharibi kwa makuti. Eti nami nizibe. Nimemwambia sikustaafu ili niishi ndani ya kikapu. Akacheka, akasema basi bahari itanifuata kitandani. Mwenye wivu hana dawa.

Alhamisi, 5 Juni
Mvua imekuja. Imeingia dirishani, mlangoni, hata kwenye tundu la kufuli. Chumvi imekuwa maji. Viberiti haviwaki. Shati langu la harusi limeota ndevu za kijani.

Ijumaa, 6 Juni
Akili ni mali! Nimeazima makaa ya moto kwa Sumati, mke wa Mayekar, nikaweka jiko chini ya kitanda ili godoro likauke. Limeshika moto. Mvua ya dirishani imelizima, kwa hiyo sasa limeungua na limelowa. Sumati akapaza sauti: "We baba, unapika godoro?" Nikajibu ni ubani. Nimelia kidogo. Nampenda Nirmala.

Jumamosi, 7 Juni
Nimerudi kutoka sokoni, nyumba imefungwa makuti juu hadi chini! Mayekar na ndugu zake, wamelowa chapachapa. Wameleta na godoro kavu. Nikaanza kushukuru, Sumati akaniambia ninyamaze, nile wali ungali moto. Nililia tena, waziwazi. Watu hawa Mungu awaweke.

Jumapili, 8 Juni
Nirmala amepapasa kuta. Amenusa godoro. Kisha amefungua begi! Amesifu makuti. Nimemwambia wazo lilikuwa langu.

Jumatatu, 9 Juni
Jua! Mvua imekwisha. Akina Mayekar wamekwenda harusini, ufunguo wameniachia mimi. Wameniamini! Shukrani si maneno matupu. Samaki wao wakavu, kitoweo cha masika yote, wamefungiwa stoo gizani tangu Mei. Nimetoa magunia yote matano, nimewaanika uani wapate jua. Watafurahi mno. Nirmala anaita, eti kuna wingu. Nimemwambia atulie, mimi sasa ni mtu wa pwani.