Kitanda Kumi na Saba na Chumba cha Wifi

Jumatatu, tarehe 3
Mume wangu bado yuko kitanda namba kumi na saba. Uvimbe kwenye utumbo. Daktari amesema lazima ukatwe, na mapema. Bima yetu ya serikali inalipa yote, ila foleni! Foleni ya damu, foleni ya picha, foleni ya kisu.
Nikapitia hospitali binafsi kumjulia hali shemeji, mume wa wifi yangu, aliyelazwa kwa ajili ya nyongo. Heri nisingekwenda. Chumba cha peke yake. Kiyoyozi. Biskuti kwenye sahani yenye kifuniko. Muuguzi anabisha hodi kabla ya kuingia! Kwetu habishi mtu, maana mlango wenyewe hakuna. Wifi akaniuliza, kwa ile sauti yake ya pole pole, eti nyinyi mnalala wangapi humo. Nikasema si wengi. Ni thelathini na wawili. Kijicho kimenishika shingoni, hata kugeuka siwezi.

Jumanne, tarehe 4
Nimekwenda kwa wakala wa bima binafsi. Baba mmoja wa tai ndefu. Nikamwambia mume wangu ni seremala, mzima kama gogo. Akauliza yuko wapi sasa. Nikasema amejilaza kidogo. Si uongo! Akasema aje apimwe, na kwamba ugonjwa aliokuja nao mtu hawaugusi mpaka mwaka upite. Nikamuuliza, je, ugonjwa atakaoushtukia Ijumaa?
Akafunika kalamu yake.

Jumatano, tarehe 5
Akili mpya. Mume wangu aingizwe kwenye kadi ya wifi. Si kaka yake wa damu? Wifi akanionyesha fomu: mume, mke, watoto. Kaka hayumo. Mimi niliishia darasa la nne lakini mwanya naujua nikiuona. Nikamwambia tumwandike kama mtoto. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, wifi jamani, mtoto gani ana mvi mpaka kwenye nyusi? Shemeji naye akacheka, akashika nyongo.
Halafu wifi akaanza kunionyesha rimoti ya kitanda! Nilibonyeza kidogo tu. Miguu ya shemeji ikapanda juu, kichwa kikashuka, akapiga ukelele muuguzi akaja mbio. Safari hii hakubisha hodi.

Alhamisi, tarehe 6
Sista Mkuu, muuguzi anayeiongoza wodi yetu, amekuja na daftari lake. Kesho ni zamu ya kitanda kumi na saba! Asile kitu. Saa moja na nusu asubuhi majina yanaitwa, na mgonjwa awe kitandani. Asiyekuwepo anarukwa. Akanitazama mimi aliposema hivyo, sijui kwa nini.
Nilitakiwa nifurahi. Nilifurahi, nusu saa nzima. Halafu wifi akapiga simu, akasema kwao kuna daktari bingwa wa matumbo, mikono ya hariri, watu wanatoka mbali kumfuata. Huku kwetu nani atamkata mume wangu? Mtu tu! Roho ikaniuma. Kwa nini wao bingwa na sisi mtu tu? Kesho alfajiri nampeleka huko bingwa amtupie macho, tunarudi kabla ya majina. Nani atajua?

Ijumaa, tarehe 7
Nimempitisha mlango wa kufulia, amevaa koti lake la harusi juu ya nguo za hospitali. Alilalamika kidogo. Yeye hugombana na mbao, si na mke. Teksi, kiyoyozi, kochi la wifi. Nikamkataza biskuti, angalau hilo. Tukangoja. Saa moja. Saa moja na nusu. Saa mbili. Muuguzi wa biskuti akauliza tunamngoja nani. Nikasema bingwa. Akasema, mama, bingwa Ijumaa asubuhi hayuko hapa, yuko hospitali ya serikali anafanya upasuaji.
Hospitali yetu! Wodi yetu!
Tulipofika kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sista Mkuu alisema jina limeitwa mara tatu, na bingwa mwenyewe alisimama hapo akitazama mto mtupu. Sasa ni Ijumaa ijayo. Mume wangu alivua koti la harusi, akalikunja vizuri, akapanda kitandani. Angenigombeza ningepona. Nimelia kwenye chumba cha mashuka mpaka mfuaji akanipa foronya ya kujifutia.

Jumamosi, tarehe 8
Maumivu yamezidi. Ameng'ata kona ya shuka, jasho linamtoka. Akaninong'oneza, Mama Watoto, nakuomba kitu kimoja tu, niache kitandani kwangu. Nimeapa. Nimemwendea Sista Mkuu, nikamwambia kosa ni langu, mwenye tumbo hana hatia. Alininunia. Jioni akarudi, akasema mgonjwa mmoja wa Jumatatu amepata homa, nafasi yake iko wazi. Na kwamba akiniona karibu na mlango wa kufulia atanifunga kitandani mimi.

Jumatatu, tarehe 10
Saa nne nzima kwenye benchi, nimekumbatia ndala zake. Bingwa akatoka. Mfupi! Akasema uvimbe umetoka wote, kipande kimepelekwa kupimwa, lakini anavyoona yeye tuna matumaini. Nilimshika mikono. Kweli ni hariri.
Mara wifi huyo, analia. Bima yao imefika kikomo, wameambiwa shemeji atoke, na kidonda alichopasuliwa nyongo bado kinatoa usaha. Anahamishiwa huku kwetu, kwa kadi yake ya zamani ya serikali. Nikamkumbatia, tukalia wote, nikampa nusu ya kanga yangu akajifuta. Nimejifunza. Mgonjwa ni mgonjwa, kitanda ni kitanda. Wivu nimeutua leo, hapa hapa kwenye benchi.

Jumanne, tarehe 11
Shemeji ameletwa. Mume wangu ameamka, ameomba maji, ametabasamu. Mungu mkubwa.
Lakini wamempa shemeji kitanda ishirini na mbili. Cha dirishani! Feni juu yake! Kabati lenye mlango unaofungika! Mimi siku kumi na nane nahifadhi mswaki kwenye kiatu, yeye kaja asubuhi hii! Wifi akasema kwa ile sauti yake, eti kumbe si pabaya sana.
Sista Mkuu amekataa kuhamisha mtu. Sawa. Ila nimechungulia chini: vitanda vyote viwili vina magurudumu. Kesho shemeji anapelekwa chumba cha kufungwa kidonda. Saa moja na nusu, wakati wa majina, Sista Mkuu macho yake yatakuwa kwenye daftari. Namsukuma mume wangu na kitanda chake pole pole mpaka dirishani, cha shemeji nakivuta kwenye nafasi yetu. Hata kitandani kwake hatoki, kiapo changu kiko pale pale.
Nani atajua?