Ombi la Kuongeza Rangi ya Chungwa Kanisani

Elirehema, mke wa Mzee Sumari,
Juu ya hospitali, Nkoaranga.
Alhamisi.

Kwa Mchungaji Abdiel,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa Kanisa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUA KWA ASILI, NA OMBI LA RANGI YA CHUNGWA

Mchungaji mwanangu,

Marahaba. Najua tungekutana njiani ungeniamkia, kwa hiyo nimeitikia mapema tusipoteze karatasi.

Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika. Mzee Sumari naye mzima, ingawa habari zake utazikuta huko chini, namba mbili. Shule sikusoma, hilo unalijua. Herufi nilizipata kwenye mafundisho ya kipaimara, nyingine nimeziokota kwenye kitabu cha nyimbo. Ukikuta neno halisomeki, liimbe, litakuja.

Nakuandikia kabla Baraza halijakaa Jumamosi. Nimesikia kwenye matangazo, katikati ya ndoa ya watu na ng'ombe aliyepotea, kwamba kazi ya kufua vitambaa vya altare ninanyang'anywa, anapewa Evaresta na mashine yake. Hukuja nyumbani kuniambia. Nimetangazwa pamoja na ng'ombe. Ng'ombe amepatikana, mimi bado.

Vitambaa hivyo ninavifua tangu wewe unakuja kanisani bila viatu. Na kabla ya vitambaa nilifua nepi zako, mama yako alipolazwa baada ya kukuzaa. Nepi na altare, nimefua vyote. Sisemi kipi kilikuwa kigumu kutakata, lakini ninajua.

Sasa, huwezi kusema nimeharibu kazi bila kusema nani alianza. Jumapili ile ya mazingira ulihubiri juu ya mfereji wetu. Ukasema povu la sabuni limezidi, ng'ombe wa watu wa chini wananusa maji wanageuka. Hilo sikatai. Hata vyura walikuwa wamehama. Ukaagiza sabuni ya dukani isiguse mfereji tena, ya unga wala ya mche, na kwamba vitambaa vya kanisa vitangulie kuwa mfano. Ukatuletea na mwalimu kutoka mjini, Ndugu Frederick, kwao ni Daraja Mbili, atufundishe kufua kwa vitu vya asili. Tuliitikia amina. Malalamiko yangu yanaanzia kwenye hiyo amina, na nimeyawekea namba usije ukaruka hata moja.

1. Kuhusu majivu. Ndugu Frederick alisimama mbele ya kina mama zaidi ya hamsini, akainua kifuko kidogo, akauliza kama kuna aliyewahi kusikia kwamba majivu yanafua nguo. Tukatazamana. Mama yangu alifua kwa majivu ya maganda ya ndizi, na mama yake vivyo hivyo. Halafu wakaja wale mabibi wa maendeleo na gari lao, wakatuambia majivu ni ushamba, watu wa kisasa wanatumia sabuni ya unga. Tukaacha majivu. Sasa amekuja huyu, ambaye kwa umri ni mjukuu wao, kutuambia unga ndio ushamba, majivu ndiyo kisasa. Nikanyoosha mkono nikamwambia habari za majivu nilizisikia baba yake akiwa hajaota meno. Akafurahi, akawaambia kina mama wanipigie makofi. Wakapiga. Ninacholalamikia ni kwamba nimepigiwa makofi kwa kitu kile kile nilichogombezewa. Yale magombezo yanafutwa na nani?

2. Kuhusu siki. Tulifundishwa kusuuza nguo kwa siki ya ndizi mbivu, eti zilainike. Ndizi mbivu zilizochacha, huku kwetu, kabla hazijafika kuwa siki zina jina lingine, na jina hilo unalijua. Nikamsuuzia Mzee Sumari shati la Jumapili. Wingu lilikuwa limeukalia mlima wiki nzima, jua la kukausha harufu halikuwepo. Akapita na kikapu cha sadaka benchi kwa benchi, na kila benchi likageuza shingo. Jumatatu ukaja nyumbani na wazee wawili, mkamwombea muda mrefu aachane na pombe. Mzee Sumari hajaonja mbege tangu mtoto wetu wa kwanza apate kipaimara. Alipiga magoti kwa adabu, akashukuru kwa maombi, akawasindikiza mpaka njiani. Mlipoondoka akaniambia, "Mke wangu, kama nimeshatubu, si afadhali nikatende?" Akavaa kofia akaenda kilabuni. Ameshakwenda mara tatu. Baraza lielewe kwamba mzee wenu hakupotezwa na marafiki wabaya, amepotezwa na maji ya kusuuzia.

3. Kuhusu majani ya mpapai, ambayo yanatwangwa yanatoa povu. Mtu wa mjini hajui kwamba huku juu mpapai ukiota umeota kwa ubishi tu. Tukashuka Tengeru kuyatafuta, tukayapandisha kwa bodaboda iliyotoa moshi mweusi njia nzima ili mazingira yapone. Nikaloweka joho moja la kwaya. Mbuzi wangu akalifuata kwenye kamba akala kola yote na mkono wa kushoto. Mbuzi simlaumu, joho lilikuwa linanukia chakula. Lakini mwimbaji wa sauti ya tatu sasa anaimba amejifunika bega kwa kitabu, na zamani alikuwa anapiga makofi vizuri.

4. Kuhusu soda. Hapa usome polepole.

Siku ya mafunzo, mezani kwa Ndugu Frederick palikuwa na kreti za soda, zetu za mapumziko. Akasema, na mkono wake umeegemea kreti, kwamba kitambaa cheupe kikikataa kutakata kilowekwe mpaka asubuhi kwenye maji yenye nusu kikombe cha soda. Wenye daftari wakaandika soda. Mimi nikaiweka kichwani, soda. Kumbe mwenzetu alikuwa na maana ya magadi. Magadi, Mchungaji! Jiwe ninalotia kwenye makande kila wiki, liko kwenye kopo juu ya mafiga, ningelifikia bila kusimama. Ni mwanamke gani wa mlima huu angekosea magadi kama angetajiwa magadi? Lakini mwenzetu amesoma, kwake magadi yanaitwa soda. Mimi soda ninayoijua ina kizibo.

Yangu sikuinywa. Nilikaa na kiu mchana ule, nikaibeba ndani ya kanga mpaka nyumbani, kwa ajili ya kitambaa cha Bwana. Ilikuwa ya chungwa kwa sababu zile nyeupe zilishachukuliwa na wazee wa kanisa walioingia mbele. Sitaji majina, ila mmoja ni wewe. Na nusu kikombe nikaona ni uchoyo, mtu hapimii madhabahu kwa kikombe. Nikamimina chupa nzima.

Nilipokianika nikaona kina wekundu kidogo, nikasema ni jua la kuchwa. Ndugu Frederick alituambia tuwe na subira na asili, nikawa nayo. Jumapili nikakitandika alfajiri, kanisani bado giza, kikaonekana cheupe kama siku zote. Jua lilipoingia dirishani kikawaka. Halafu wakaja sisimizi. Waliingia kwa mstari mmoja, wana utaratibu kuliko washarika, wakapanda altare. Wewe ulisoma maneno ya Meza ya Bwana ukijikuna kiwiko, na sijawahi kukusikia ukiyasoma upesi vile. Wapo walioshukuru. Picha ilirushwa kwenye kundi la Wasap kabla ya wimbo wa mwisho, na dada yangu aliyeko Levolosi akanipigia simu kuniuliza kama tumebadili dhehebu.

5. Kuhusu mashine. Evaresta ni mke wa Thomasi wa ukoo wetu, ameolewa kwetu mwaka huu, ni binti mpole, mkono wake mwepesi kusaidia. Sina neno naye. Neno ninalo na hiyo mashine aliyonunuliwa na mumewe, ambayo mmeipa kitambaa cha pili, kile cha Pasaka, ili ijaribiwe. Sheria uliisoma mwenyewe mbele ya watu: anayegusa vitambaa vya altare awe msharika aliyebatizwa, amepata kipaimara, na hayuko chini ya adhabu ya kanisa. Sasa fikiri. Evaresta anabonyeza kitufe tu, anakwenda kukaa. Anayekigusa kitambaa ni mashine. Nani ameibatiza? Ilipata kipaimara mwaka gani, na ilivaa nini? Nguo gani ilizifua kabla ya hapo, za nani, na zilitoka wapi? Mimi nilihojiwa na wazee watatu kabla sijakabidhiwa beseni. Mashine mmeuliza tu kama ina umeme.

Kwa sababu hizo naomba Baraza liamue yafuatayo.

Kwanza, rangi ya chungwa iingizwe kwenye kalenda ya kanisa. Tuna nyeupe, tuna kijani, tuna zambarau, nyekundu, na nyeusi ya Ijumaa Kuu. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini machungwa, aliyoyaumba Mungu kwa mkono wake, yameachwa nje. Siombi majira marefu. Jumapili tatu zinatosha, wakati wa kiangazi, ziitwe Jumapili za Kiu. Kitambaa kiko tayari, hata kushona hakuna.

Pili, kama rangi itashindikana, dirisha la mashariki lizibwe kwa bati. Kitambaa kilikuwa cheupe kabisa mpaka jua lilipoingia. Kwa hiyo mwenye kosa ni jua.

Tatu, kama mashine mtaing'ang'ania, basi ianze mafundisho pamoja na watoto, ikae benchi la mbele miaka miwili, ijibu maswali ya katekisimu bila kusomewa. Siku ya ubatizo Ndugu Frederick asimame nayo kama msimamizi wake, maana ni ndugu wa kiroho.

Nne, Ndugu Frederick mwenyewe aitwe, afue shati lake moja mbele yetu pale mferejini. Siku ya mafunzo nilimwuliza shati lake amelifua kwa kitu gani, akasema mama yake ndiye anajua. Sisi tutaleta viti, na makofi tunayo.

Haya, kicheko nimekiweka pembeni. Jumamosi nikishuka ule mteremko na beseni kichwani, kila mtu ananisalimia na anajua ninakwenda wapi. Nisipokuwa na beseni wataniuliza, Bibi, unakwenda wapi? Watoto wangu wote wako mjini, wananipenda kwa simu. Mzee Sumari umemwona. Kitambaa ni cha kanisa, mkitaka kichukueni. Mimi ninachodai ni ule mteremko.

Msalimie mkeo, mwambie ule mche wa parachichi alioniomba umeshika. Wasalimie watoto, na mdogo umfungie vifungo vya sweta, jana nimemwona kifua wazi na baridi hii. Msalimie mpiga kengele, na kwaya yote, hasa sauti ya tatu. Wazee wa kanisa wasalimie pia, wale waliokunywa nyeupe na wale waliokosa.

Ni mimi nisiyekasirika bali nimeudhika,
Elirehema, aliyezifua nepi zako.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Evaresta amekuja sasa hivi. Amepita mlango wa jikoni kama mtu anayekimbia mvua, beseni limefunikwa kanga. Kile kitambaa cha Pasaka alikiingiza mashineni pamoja na jinzi ya Thomasi. Kimetoka bluu. Siyo bluu ya kubahatisha, bluu yenyewe. Akaweka beseni chini, akasema, "Shikamoo mama. Watanirudisha kwetu." Maskini, anadhani tulimwoa kwa ajili ya kitambaa. Nimemkalisha karibu na moto, nimempa uji, nimemwambia ukoo huu umeshavumilia makubwa kuliko bluu, na hapa ninapoandika amelala kwenye kiti na kikombe mkononi.

Kwa hiyo yote ya juu nayafuta. Chungwa iacheni, dirisha liacheni, mashine msiibatize. Siku ya Baraza iandikwe kwamba vitambaa vyote viwili niliviharibu mimi, bibi asiyesoma, kwa soda. Hawatauliza bluu imetoka wapi, wataona ni mimi tu. Wewe huwezi kusema uongo, najua, basi usiseme kitu, ukohoe. Na kazi mpeni yeye, kama mlivyotaka. Akitaka kuja kwangu kuuliza namna ya kufua, mlango wa jikoni ameshauona.

Jina langu limefuliwa miaka mingi, mwanangu, doa halikai. La kwake bado jipya. Mkilitia maji ya moto sasa, litachuja.