Siri ya Koo la Pacifique

Jumatatu, 3 Novemba
Mama Agathe, kiongozi wa kwaya yetu hapa Woolwich, London, ametangaza kwamba Jumapili tunarekodi wimbo wa miaka kumi ya kanisa. Mwimbaji mkuu: Pacifique. Pacifique! Juzijuzi tu sauti yake ilikwaruza kama mlango wa stoo. Leo kaimba, akina mama wakatoa vitambaa. Mimi, Aristide, niliyesifiwa sauti tangu Bukavu, nimeambiwa nikae karibu endapo atashindwa. Endapo! Sauti haiponi hivihivi. Wakati wa sala nimemwona akisukuma kitu shavuni. Wengine walikuwa wamefumba macho. Mimi nilikuwa nalinda.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwambia msimamizi wa usafi kazini kwamba jino linauma, nikamfuata Pacifique. Treni mbili, kofia hadi puani. Neasden! Kaingia duka la dawa za Kihindi, si mbali na hekalu kubwa. Alipotoka nikaingia mimi. Mwenye duka ni Mama Bhavini, mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Hapo tu nikaanza kushuku.

Nikamwuliza yule bwana kanunua nini. Akanionyesha tunda kavu, dogo, lenye mikunjo. Wanaliita harde. Akasema katika dawa zao za jadi waimbaji hulinyonya taratibu ili koo lisafike. Ukilisaga ukanywa na maji moto, linaendesha tumbo. Ukilipika kwa mvuke, linafunga. Tunda lilelile moja! Akanifungia mfuko akasisitiza, "Wewe nyonya tu, baba. Usisage."

Mbona kasisitiza? Na mbona alimpungia Pacifique mkono pale mlangoni? Lao moja, hawa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimelifikiria jambo hili nikipiga deki. Muuzaji gani anatoa siri ya mteja wake kwa mgeni aliyefunika uso? Hayupo. Basi anachokataza ndicho chenyewe. Nimesaga harde zote. Noëlla, mke wangu, kauliza kwa nini mashine yake ya kusagia kahawa inanuka dawa. Nikasema London maji ni mabaya.

Jioni nikamnong'oneza Mama Agathe kwamba Pacifique anaimba kwa nguvu za dawa. Kaguna. Kasema amechoka na majungu yangu, basi Jumapili kila mmoja aimbe ubeti, atakayempendeza ndiye atakayerekodiwa. Ushindi! Ningelala vizuri kama Pacifique asingenipongeza.

Jumapili, 9 Novemba
Naandika nikiwa mahali nisipotaka kupataja. Asubuhi nilikunywa vijiko vitatu na maji moto. Chungu! Dawa chungu ndiyo dawa, nikajipa moyo.

Ubeti wangu ulianza vizuri. Mstari wa kwanza, safi kabisa. Wa pili, tumbo likaitikia kabla ya kwaya. Wa tatu niliuimba nikitembea. Wa nne waliusikia kutoka kwenye korido, waliosikia.

Sasa hivi, kupitia ukuta, Pacifique anarekodiwa. Anaimba vizuri, mshenzi yule. Roho inaniuma kuliko tumbo.

Jumanne, 11 Novemba
Bado kitandani. Pacifique kaja na bakuli: harde zilizopikwa kwa mvuke, Mama Bhavini kamwelekeza, eti tumbo langu lifunge. Akala moja kwanza mbele yangu ili nisiogope. Nani alimwambia naogopa? Alipokwenda kunawa nikazitupa zote.

Kisha akaniambia kwamba Krismasi atakuwa zamu, anahudumia wazee, hivyo amemwomba Mama Agathe nafasi ya kuongoza wimbo nipewe mimi. Mama Agathe amekubali, mradi nifike na sauti, na nimalize ubeti nikiwa nimesimama. Machozi yalinitoka, sifichi. Nimeingoja nafasi hiyo miaka mingi.

Akaniachia mfuko wa harde kavu. Akiwa mlangoni kageuka akasema, "Ndugu yangu, wewe nyonya tu. Usisage."

Neno kwa neno kama yule mama wa Neasden! Watu hawafanani maneno namna hiyo bila kupangana. Kabla sijatulia, Noëlla naye akadakia kutoka jikoni: nyonya tu. Wameshamfikia hadi mke wangu!

Nimemtuma Noëlla akanunue maziwa. Akifunga mlango tu, nawasha mashine.